Masazo ya Mshtarii

Nchi ilikuwapo, na jina ilikuwa nalo, ila anayekusimulia ana watoto wanaomtegemea, kwa hiyo tuiite nchi tu. Upande mmoja ilipakana na mto, upande wa pili na vumbi, na katikati yake alikaa Mtukufu Rais, aliyezaliwa siku moja na uhuru wa taifa. Zamani uhuru ulikuwa wa mwezi wa sita. Lakini Mtukufu aliposhika madaraka ikaonekana si adabu taifa kuzaliwa kabla ya baba yake, likahamishiwa Desemba. Wananchi walizoea upesi. Walikuwa watu wa kuzoea.

Katika nchi hiyo aliishi Shekue, mwana wa pekee wa Bi Zawena wa mtaa wa Bondeni. Shekue alikuwa mwandishi wa gazeti, upande wa matangazo ya vifo na ng'ombe waliopotea. Siku moja yule bwana wa ukurasa wa nyota alivuka mto bila kuaga, na mhariri akatupa macho ofisini, akasema, "Shekue, wewe una ndevu. Chukua nyota." Shekue akazichukua. Alinunua kitabu kikuukuu cha falaki, na humo akajifunza kwamba Mshtarii ni sayari kubwa kuliko zote. Kwamba wanajimu wa kale waliiita saadi kuu, yaani nyota ya heri kupita zote. Kwamba siku yake ni Alhamisi, rangi yake ni manjano, na watu wake ni makadhi na matajiri. Kwamba ikiingia nyumba ya mtu humpanua kila upande, mali, elimu, kizazi na tumbo. Kurasa za nyuma, zilizoeleza ni lini neema hiyo huchelewa au hukosekana, zilikuwa zimeliwa na mchwa. Shekue hakuona hasara kubwa, kwani nani husoma kitabu mpaka mwisho?

Basi Jumatatu moja akaandika chini ya nyota ya Kausi, ya wazaliwa wa Desemba: "Mshtarii imeingia nyumbani kwako. Kila ukigusacho kitazidi. Kesho usiihofu." Hakuwa na nia yoyote mbaya. Palikuwa na nafasi ya mistari mitatu, na mhariri alikuwa anapiga kelele.

Mtukufu Rais aliisoma mistari hiyo akinywa chai. Akatoka bustanini, akakuta papai limeiva, kubwa kuliko kichwa cha Waziri wa Ulinzi, ambaye aliitwa haraka ili kulinganisha. Hapo hapakuhitajika ushahidi mwingine. Mtukufu ni Kausi. Taifa, tangu lilipohamishwa siku ya kuzaliwa, nalo ni Kausi. Kwa hiyo Mshtarii imeingia katika nyumba ya taifa zima, na kila mwananchi, apende asipende, yumo nyumbani. Papai halijaisha kuliwa, Shekue aliletwa Ikulu kwa gari lenye kipaza sauti, akavishwa joho la manjano, akaambiwa kwamba yeye ni Mnajimu wa Dola. Alijaribu kusema kwamba yeye hasa ni mtu wa ng'ombe waliopotea. Wakacheka sana, wakasema wataalamu wakubwa ndivyo walivyo, hawapendi makuu.

Wizara ya Kilimo, Wizara ya Chakula na Idara ya Hali ya Hewa zilivunjwa, maana kazi zao zilikuwa zimechukuliwa na sayari, ikaundwa Wizara ya Neema na Nyota chini ya Mheshimiwa Lugendo. Huyu Lugendo alikuwa mtu wa sauti nzito na shingo fupi, na alihutubia hata akiwa peke yake ndani ya lifti. Siku ya kuapishwa alisimama mbele ya umati akasema:

"Ndugu wananchi! Wako watu wanauliza, neema itakuja lini? Hilo ni swali la watu waliochelewa kuamka! Neema haiji. Neema imeshafika, imeshakaa, imeshavua viatu! Asiyeiona akapimwe macho, na hospitali zetu ziko tayari kumpokea!"

Umati ukapiga makofi. Wengine walienda kweli kupimwa macho, wakapewa miwani ya manjano, na walioivaa walisema mambo yameanza kuonekana vizuri.

Mwaka huo mvua haikunyesha. Jambo hilo halikuleta usumbufu, kwa kuwa halikutangazwa. Mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti, na redio ikasema kwamba kimo hicho kimechaguliwa ili kumpunguzia mkulima taabu ya kunyanyua mikono. Methali ya mwenye shibe kutomjua mwenye njaa iliondolewa katika vitabu vya shule, kwa sababu mmoja kati ya watu wake wawili hakuwapo tena nchini. Neno njaa lenyewe lilisitishwa. Mtu akizidiwa, alitakiwa kusema ana nafasi. Ukipita sokoni ungesikia, "Hujambo, shoga?" "Sijambo, ila nina nafasi tangu juzi." Hospitalini watoto walilazwa kwa nafasi kali.

Shekue hakuyaona sana mambo hayo. Mnajimu wa Dola alikuwa akila kwa amri: asubuhi, mchana na jioni, mbele ya kamera ya televisheni, ili taifa lione jinsi Mshtarii inavyofanya kazi. Alipomkumbuka mama yake, na alimkumbuka mara nyingi, alitaka kumpelekea gunia la unga. Lakini sheria ilisema kumpelekea mtu chakula ni kumtukana yeye na sayari yake, kana kwamba hakifiki bila wewe. Kwa hiyo akampelekea kalenda, yenye picha ya Mshtarii iliyochapwa kwa rangi nne. Akajiambia kwamba mama ni mama, hakosi chake. Moyoni aliona haya, akaagiza maini.

Ndipo ikaja Sheria ya Masazo, iliyotungwa na Mheshimiwa Lugendo mwenyewe, bafuni, kwa maelezo yake. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Penye tele hubaki. Panapobaki pana tele. Kwa hiyo kila Alhamisi, siku ya Mshtarii, kila nyumba iweke mlangoni sahani ya masazo, chakula kilichowashinda wenye nyumba, na Mkaguzi wa Masazo apite kukikagua. Nyumba isiyobakiza ni nyumba yenye choyo na inayoikufuru neema. Wenye nyumba hiyo wangepelekwa Chuo cha Shukrani, kule jangwani, kujifunza kushukuru. Hapakuwa na malalamiko yoyote kuhusu chuo hicho, kwa sababu hakuna aliyekwishahitimu.

Pale Bondeni, watu hawakuwa na cha kula, seuze cha kubakiza. Wakakaa, wakashauriana, na mtaa mzima ukachanga makombo ya unga yaliyokuwa yamesalia, wakasonga bonge moja la ugali, wakaliweka katika sahani ya Bi Zawena iliyokuwa nzuri kuliko nyingine. Alhamisi ilipofika, Mkaguzi Chambuso alipokuwa akiandika nyumba ya kwanza, bonge lilikuwa linapita uani, likirushwa juu ya ukuta kwenda nyumba ya pili. Chambuso aliliona katika kila mlango. Kila mara aliinama, akalitazama kwa makini, akasema, "Mashallah, hapa pia wameshindwa kumaliza." Miezi ikapita, bonge likakauka, likawa gumu kama kinu. Watu walilizoea, wakaliita Mzee, na wapo waliolitolea shikamoo likipita. Hakuna aliyethubutu kulila. Kumla Mzee kungekuwa kuula mtaa mzima.

Kila nyumba ilimlinda Mzee kwa zamu, na zamu ya Bi Zawena ilimkuta ana homa. Alilala kitandani, na Mzee yupo juu ya kabati, wanatazamana. Jumatano asubuhi aliamka, akachemsha maji, akamloweka Mzee mpaka akalegea, akamla na chumvi. Kisha akaoga, akavaa, akabisha hodi nyumba kwa nyumba.

"Jirani zangu, nimemla."

"Mzee mzima, Bi Zawena?"

"Hata ukoko sikubakiza. Nisameheni. Kesho msiseme lolote, mimi ndiye nitakayesema."

Kesho yake Mkaguzi Chambuso alipofika alikuta mtaa hauna masazo hata mlango mmoja, na Bi Zawena amesimama njiani, anamngoja.

"Masazo ya mtaa huu nimeyala mimi, mwanangu," akamwambia. "Wengine walibakiza vizuri tu. Mimi nikapita nikawaibia."

Chambuso alikuwa na mkono wa kuandika, akaandika. Hakuwa na njia nyingine, ingawa alitamani sana kuuliza Mzee alikuwa na ladha gani.

Bi Zawena akashtakiwa kwa hujuma dhidi ya sayari.

Habari zilimfikia Shekue akiwa na paja la kuku mkononi, mubashara. Aliliweka chini, na taifa likashtuka, kwani hilo halikuwa kwenye ratiba. Baada ya muda mfupi Mheshimiwa Lugendo mwenyewe aliingia ofisini kwake, akafunga mlango.

"Mnajimu," akasema, "pole kwa mama. Mama zetu ni nguzo! Lakini nguzo ikila masazo, paa litashikwa na nini? Basi. Kesho mahakama itakuita uwe shahidi mtaalamu. Swali ni moja: chini ya Mshtarii, mtu aweza kuwa na... na lile neno?"

"Njaa?"

Waziri alitazama dirishani kuhakikisha limefungwa. "Jibu lake ni hapana. Wewe ndiye uliyetuambia. Na kama haiwezekani, basi mama hakula kwa sababu hiyo. Alikula kwa chuki. Ataenda Chuo cha Shukrani. Nimeagiza apewe kitanda cha karibu na mlango."

"Mheshimiwa," Shekue akasema, "nasikia wanajimu wengine husema kuna wakati Mshtarii hurudi nyuma. Yaani inaonekana kama inarudi nyuma angani, na neema yake hupungua. Labda tukisema hivyo..."

"Serikali hii hairudi nyuma," akasema Lugendo, "na sayari yake hairudi nyuma. Ukisema mama yako alikuwa na lile neno, umesema Mshtarii imeshindwa. Mshtarii ikishindwa, Mtukufu amedanganywa. Na aliyemdanganya ana ndevu." Akampapasa begani, akatoka akihutubia korido.

Shekue hakula jioni hiyo. Ilibidi televisheni irudie chakula chake cha juzi.

Mahakama ilijaa. Waliofika mapema walikaa, waliochelewa waliegemezwa ukutani, na kwa kuwa wote walikuwa na nafasi, walienea wengi kuliko kawaida. Hakimu Mwinyimkuu aliingia na joho la manjano, maana makadhi ni watu wa Mshtarii, akamwona mshtakiwa, na kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Mama, unashtakiwa kwa kuihujumu sayari. Ulikula masazo ya serikali?"

"Nilikula."

"Kwa nini?"

Bi Zawena alifikiri, kwa sababu alitaka kumjibu kijana wa watu jibu la adabu. "Kwani wewe hula kwa nini?" akauliza.

Hakimu akaangalia makaratasi yake. Swali hilo halikuwemo. Akaamuru shahidi mtaalamu aitwe.

Shekue alipanda kizimbani. Alikuwa hajamwona mama yake tangu siku ile ya papai. Kanga ambayo zamani ilimtosha kuzunguka mara moja, sasa ilimzunguka mara mbili na ncha ikabaki. Mikono yake ilikuwa mifupa na mishipa. Shekue aliona aibu, na nyuma ya aibu mapenzi, na nyuma ya mapenzi woga mwingi sana, kwa sababu Mheshimiwa Lugendo alikuwa amekaa mstari wa mbele.

"Shahidi," akasema Hakimu, "kwa utaalamu wako, chini ya Mshtarii, saadi kuu, mtu aweza kuwa na hali iliyotajwa kwenye ukurasa wa pili?"

Shekue akafungua mdomo. Jibu la hapana lilikuwa tayari, limekaa ulimini. Ndipo Bi Zawena alipomtazama vizuri, akamwona macho yamemwiva kwa kukosa usingizi, akasahau kwamba yuko mahakamani.

"Umekula lakini, baba?" akamuuliza.

Shekue alilia. Alilia kwa sauti, na joho lake la manjano, mbele ya makadhi na matajiri. Kisha akasema, "Mama yangu ana njaa."

Watu walishusha pumzi wote kwa pamoja. Wengine walikuwa hawajalisikia neno hilo kwa muda mrefu hata wakahisi limewagusa tumboni. Hakimu Mwinyimkuu akaahirisha kesi ili akale, na Mheshimiwa Lugendo akamfuata mbio, na kule ndani walikaa mpaka vyombo vikaondolewa. Waliporudi, Hakimu alikuwa ametulia.

"Mahakama inampongeza shahidi," akasoma. "Amesema kweli, na ukweli wake umetusaidia. Mshtarii imetoa neema kwa kila mwananchi. Hilo halina ubishi. Mwanamke huyu ana ile hali. Hilo limethibitishwa na mtaalamu. Kwa hiyo mwanamke huyu si mwananchi. Nyota yake si ya nyumba hii. Bila shaka ni ya Zuhali, ile sayari ya nuhusi, inayotawala ng'ambo ya mto. Mahakama inaamuru arudishwe kwao leo hii."

Bi Zawena alizaliwa Bondeni, na mama yake pia, lakini hakubisha. Kuhusu watu wa ng'ambo ya mto, kila mtu alijua masikitiko yao. Hawakuwa na sayari ya maana. Walikula walichopanda, na wakikosa walisema wamekosa, wakaomba majirani, wakapewa. Ni maisha ya kubahatisha.

Mheshimiwa Lugendo alikuwa ameanza kupiga makofi, pale babu mmoja aliyeegemezwa ukutani aliponyosha mkono.

"Mheshimiwa Hakimu, samahani. Na mimi nina njaa."

"Keti, mzee!"

"Siwezi kuketi, nina njaa. Nadhani mimi pia si wa hapa."

Akafuata mama wa vitumbua, ambaye hakuwa amekaanga kitumbua tangu mwaka juzi. Wakafuata waliokaa benchi la tatu, benchi zima. Polisi aliyekuwa mlangoni aliweka kofia yake chini, akaungama kwamba naye ni mgeni nchini, na kwamba amejificha kwa muda mrefu. Mkaguzi Chambuso alisimama, akasema kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo, "Mimi ni wa ng'ambo, baba na mama."

Kabla ya juma kuisha, foleni ya darajani ilikuwa ndefu mno. Bondeni walihama wote, wakibeba mikeka na vyungu. Serikali haikuwazuia. Kinyume chake, Wizara ilikuwa inasherehekea, kwa sababu kila aliyevuka aliacha nyuma nchi yenye shibe zaidi kuliko asubuhi. Mheshimiwa Lugendo alitangaza kwamba hali sasa imekaribia ukamilifu. Shekue alivishwa nishani kwa kugundua njia hiyo, na Mtukufu akamshika mkono, akasema hakuwahi kuona falaki yenye matunda kama hayo.

Shekue alivua nishani, akavua joho, akaenda darajani kwa miguu. Alipanga foleni na watu wengine. Jua likamchoma, akafurahi kuchomwa nalo. Mezani palikuwa na ofisa wa uhamiaji, mwanamke mpole mwenye muhuri.

"Sababu ya kuvuka?"

"Nina njaa," akasema Shekue.

Ofisa aliinua macho. Akamtazama mashavu, akamtazama shingo, akamtazama vifungo vya shati vinavyovutana. Nchi nzima ilikuwa imemwona akila, asubuhi, mchana na jioni.

"Mheshimiwa Mnajimu," akasema kwa upole, "usiniweke matatani. Wewe ni raia halisi. Labda huyu ndiye raia halisi kuliko wote," akawaambia waliokuwa nyuma, nao wakakubali, bila ubaya.

"Mama yangu yuko upande ule."

"Mama yako ana njaa. Wewe huna. Sheria haina ugomvi na wewe. Pisha wenzako, tafadhali."

Akapisha. Alisimama kando, kwenye ukingo wa mto, ambao hapo ni mwembamba kiasi kwamba mtu akikohoa huku, kule wanasema pole. Ng'ambo, watu wa Bondeni walikuwa wamejenga vibanda. Moshi ulikuwa unapanda. Wenyeji walikuwa wamewapa muhogo, na Bi Zawena alikuwa amechutama mbele ya sufuria, anaukoroga kwa mwiko, na uso wake umeanza kurudi kuwa uso.

Akainua kichwa, akamwona.

"Shekue!" akaita. "Baba, mbona umesimama huko? Njoo ule, muhogo umeiva!"

Ofisa aligeuka kumtazama. Foleni nzima iligeuka. Shekue alikuwa ameshiba. Asubuhi ile walimwamsha, wakawasha taa za kamera, akala mayai, mkate na nusu ya papai, kwa kuwa hakujua kukataa.

"Nimeshiba, mama," akajibu.

Bi Zawena alimtazama kidogo, mkono juu ya macho kuzuia jua.

"Haya," akasema. "Basi nitakuwekea."